Sauti katika Maandishi: Juu ya Kusoma kwa Sauti Hotuba za Marekani

Wahakiki wetu wamezoea kuitenga fasihi simulizi na fasihi andishi kana kwamba baina yao pana mto usiovukika. Hotuba haikai vyema upande wowote wa mto huo. Aghalabu huandikwa kwanza, kisha husemwa, hunukuliwa na waandishi wa magazeti, huchapishwa, na mwishowe husomwa kwa sauti na watu ambao hawakuwapo siku iliposemwa. Makala haya yanahusu hatua hiyo ya mwisho. Tumechagua hotuba na maandiko ya Marekani kwa kuwa taifa lile lilianza kwa kusomewa. Tamko la Uhuru lilisomwa hadharani mjini Philadelphia tarehe 8 Julai, 1776, na siku iliyofuata likasomewa majeshi ya George Washington mjini New York. Jioni ile ile watu wakaiangusha sanamu ya Mfalme George wa Tatu. Wengi walioliitikia Tamko hilo hawakulisoma kwa macho, walilisikia.

Hata mwandishi wake alilijua hilo. Thomas Jefferson hakuwa msemaji hodari mbele ya watu, lakini katika rasimu yake mna alama ndogo ndogo ambazo hazina kazi yoyote ya kisarufi. Jay Fliegelman, katika kitabu chake cha mwaka 1993, alidai kuwa hizo ni alama za mapumziko ya sauti, yaani mahali ambapo msomaji anapaswa kutua. Dai hilo lina uzito kwetu sisi tulioishi na tenzi zilizoandikwa ili zighaniwe. Ukurasa haukuwa mwisho wa safari ya maneno, bali ulikuwa kituo cha njiani.

Dai letu basi ni hili: kusoma kwa sauti si kuyapamba maandishi, ni kuyafasiri. Asomaye kimya aweza kuahirisha uamuzi juu ya neno lenye maana mbili. Asomaye kwa sauti hana nafasi hiyo, kwani kinywa lazima kichague mkazo, kichague kasi, kichague nani anasema na nani anaambiwa. Ndiyo maana usomaji wa namna hii hustahili kuhakikiwa kwa ukali ule ule tunaoutumia kuhakiki tafsiri.

Mfano ulio wazi kabisa ni hotuba ya Frederick Douglass aliyoitoa tarehe 5 Julai, 1852, katika ukumbi wa Corinthian mjini Rochester, jimbo la New York. Alialikwa na chama cha wanawake waliopinga utumwa ili azungumze juu ya sikukuu ya uhuru. Alikuwa mtu aliyezaliwa utumwani na kutoroka mwaka 1838. Katika utoto wake mjini Baltimore alikuwa amenunua kwa senti hamsini kitabu kiitwacho The Columbian Orator, mkusanyo wa hotuba na majadiliano uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1797 ili kuwafundisha vijana kusema hadharani. Mnamo majadiliano baina ya bwana na mtumwa wake, ambamo mtumwa hushinda kwa hoja. Kwa hiyo Douglass mwenyewe ni zao la kusoma kwa sauti, na hotuba yake haina budi kuchunguzwa kwa sikio.

Sikio likishatumika, jambo la kwanza linalojitokeza ni viwakilishi. Douglass huanza kwa kuwaita wasikilizaji wananchi wenzake, kisha mara moja hujitenga nao: taifa ni lenu, sikukuu ni yenu, waasisi ni baba zenu. Kiingereza hakina tofauti ya umoja na wingi katika nafsi ya pili, hata msomaji wa kimya aweza kupita bila kutambua ni umati gani unaoelekezewa kidole. Mfasiri wa Kiswahili hana pa kujificha. Kiambishi -enu humlazimisha kuwaweka watu wote wale mia kadhaa upande mmoja, na msemaji upande wa pili peke yake. Nathubutu kusema kwamba katika jambo hili lugha yetu huisoma hotuba ile kwa uwazi zaidi kuliko lugha iliyotungiwa.

Katika jimbo la Massachusetts, kwa miaka kadhaa sasa, watu hukutana viwanjani kila mwaka sikukuu hiyo inapokaribia wakaisoma hotuba hii kwa zamu, huyu aya moja, yule aya nyingine. Desturi hiyo ni njema, nayo huleta swali gumu. Neno la kuwatenga lifikapo kinywani mwa Mmarekani mweupe, 'ninyi' ni nani? Msomaji amekuwa mshtaki na mshtakiwa kwa pumzi moja. Wapo watakaosema kwamba hapo maana imeharibika. Mimi naona imepata tabaka jipya, madhali wasomaji wasiifanye aya ile kuwa wimbo wa pamoja. Pale ambapo kila mtu anasema 'ninyi' bila kumtazama mtu, shutuma yote hugeuka dua.

Kasoro kubwa zaidi ni ufupishaji. Hotuba kamili ni ndefu, inakaribia maneno elfu kumi, na wasomaji wengi huanzia pale ghadhabu inapowaka. Lakini Douglass hakuanzia hapo. Kwanza huwasifu waasisi wa taifa kwa muda mrefu, kwa heshima, hata msikilizaji akadhani amekuja kuandikiwa shairi la sifa, ndipo anapogeuka. Sifa ile ndiyo upinde, na shutuma ni mshale. Anayekata sifa huusukuma mshale kwa mkono. Vilevile hukatwa mwisho wake, ambapo Douglass anatangaza matumaini na kumaliza kwa beti za William Lloyd Garrison. Kilichobaki ni hasira tupu, nayo ni rahisi kuipigia makofi.

Mwigizaji James Earl Jones aliisoma sehemu ya hotuba hii katika maonyesho yaliyoambatana na mkusanyo wa Howard Zinn na Anthony Arnove uliochapishwa mwaka 2004. Sauti yake nzito hainung'uniki wala hailii. Ina subira ya mzee anayejua kuwa kesi yake haishindiki. Usomaji huo ni bora sana, ila tukumbuke kwamba Jones alikuwa amepita umri wa miaka sabini, na Douglass mwaka 1852 alikuwa na miaka kama thelathini na minne. Ushupavu wa kijana anayewakosea adabu wenyeji wake kwa makusudi umegeuka hekima ya babu. Tumepata kitu, tumepoteza kitu.

Hata hivyo Douglass alikuwa na bahati: maneno yake aliyaandika na kuyachapisha mwenyewe. Sojourner Truth hakujua kusoma wala kuandika. Hotuba aliyoitoa mjini Akron, Ohio, mwezi Mei mwaka 1851 katika mkutano wa haki za wanawake imetufikia kwa mikono ya wengine. Marius Robinson aliichapisha gazetini mwezi uliofuata, kwa Kiingereza cha kawaida. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1863, Frances Gage aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano ule akatoa nakala yake, ndefu zaidi, yenye swali mashuhuri linalorudiwa-rudiwa juu ya kuwa mwanamke, na yote imeandikwa kwa matamshi ya watumwa wa majimbo ya kusini. Swali hilo halimo katika nakala ya Robinson. Tena Gage humfanya Truth adai kuzaa watoto kumi na watatu, ilhali alizaa watano.

Msomi wa lugha lazima asimame hapa. Truth alizaliwa na kulelewa katika jimbo la New York, katika nyumba za Waholanzi, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi. Alikuwa mtoto wa miaka kama tisa alipoanza kujifunza Kiingereza. Kumpa lafudhi ya kusini ni kama kumnukuu mzee wa Lamu kwa Kimakunduchi, kisha kusema ndivyo Waswahili wote wasemavyo. Gage hakukosea tahajia. Alikuwa amekwisha kuamua sauti ya mwanamke mweusi inapaswa kuwaje, akamvika. Na nakala hiyo ndiyo iliyotawala vitabu vya mikusanyo, ndiyo isomwayo majukwaani hadi leo, mara nyingi na wasomaji wenye nia njema kabisa, wakiongeza kishindo pale mwandishi alipoongeza chumvi.

Je, nakala ya Gage itupwe? Baadhi ya wahakiki wangependa hivyo, hasa baada ya Nell Irvin Painter kuuchambua uzushi huo katika wasifu wa Truth wa mwaka 1996. Sikubaliani nao moja kwa moja. Kiitikio kile kimeishi vinywani mwa wanawake wengi, nacho kina haki ya fasihi simulizi, ambayo mtungaji wake si lazima awe mmoja. Lakini kisomwe kwa jina lake halisi: utungo wa Gage wa mwaka 1863. Anayetaka kumkaribia Truth na asome nakala ya Robinson, tena asijitie lafudhi asiyoijua.

Hotuba ya Patrick Henry ya mwaka 1775, ambayo William Wirt aliikusanya kutoka kwenye kumbukumbu za wazee na kuichapisha mwaka 1817, ina ugonjwa huo huo, ingawa haikumdhalilisha msemaji wake, ilimkweza.

Kwa Martin Luther King mambo hugeuka, kwani sauti yake imehifadhiwa. Mtu angedhani basi hakuna haja ya msomaji mwingine, lakini shule za Marekani zimejaa watoto wanaoigiza mtetemo wa sauti yake, wakidhani kuiga ni kusoma. Wanachokiiga ni hasa sehemu ambayo haikuandikwa. Tarehe 28 Agosti, 1963, mbele ya jumba la ukumbusho la Lincoln, King alikuwa akisoma maandishi aliyoyatayarisha. Mwimbaji Mahalia Jackson, aliyekuwa karibu naye, akampigia kelele awaeleze watu juu ya ndoto. Naye akaacha kusoma, akahubiri. Jambo hilo si geni kwetu. Hadhira imeingia katika utungo, kama inavyoingia ngomani na hadithini, na mtungaji ameufuata mkono wake. Hata hivyo mikusanyo huchapisha yote kwa herufi za aina moja, bila mstari wa kuonyesha pale jicho lilipoondoka kwenye karatasi.

Karatasi zenyewe zilizopigwa taipu King alimpa kijana mchezaji wa mpira wa kikapu, George Raveling, aliyekuwa akilinda jukwaa siku ile. Anayezisoma kwa sauti hufika mwisho wake bila kuikuta ndoto.