Kroshia, Kazi Isiyo na Mashine

Kati ya kazi zote za mikono tunazozijua, kufuma kwa kroshia ndiyo ninayoiona kuwa huru kuliko zote. Haidai umeme wala cherehani, haidai meza wala chumba cha peke yake. Kijiti kimoja chenye ndoana nchani, nacho huitwa kroshia, bonge la uzi na vidole kumi vinatosha kumvisha mtu tangu kofia hadi soksi. Naisifia nikiwa na mahali maalumu moyoni: Butare ya Rusizi, sekta ya milimani kusini-magharibi mwa Rwanda, karibu na mpaka wa Burundi, katika eneo ambalo wazee bado wanaliita Cyangugu. Si Butare ile ya chuo kikuu, ambayo siku hizi jina lake ni Huye.

Hewa ya huku inamfundisha mtu kuithamini nguo. Jioni ukungu hushuka kutoka upande wa msitu wa Nyungwe, na aliyeondoka nyumbani bila sweta hujuta kabla hajafika. Lakini akishuka bondeni Bugarama, kwenye mashamba ya mpunga, analakiwa na joto. Upande huo, kwenye mto Rusizi, ndipo ilipo ardhi ya chini kuliko zote nchini Rwanda, kama mita 950 juu ya usawa wa bahari, ilhali mlima Bigugu ndani ya Nyungwe unafikia mita 2,950. Mtu wa Rusizi anaweza kuhitaji nguo mbili tofauti kwa siku moja, na kroshia inazijua zote mbili. Uzi mnene na mishono iliyobanana hutoa sweta ya kuzuia baridi; uzi mwembamba wa pamba na mishono mirefu yenye nafasi hutoa blauzi inayopitisha upepo. Mfumaji ni yuleyule, na maarifa ni yaleyale.

Tofauti ya kroshia na sindano mbili za kufumia ni ndogo kwa macho, kubwa kwa maisha. Anayefuma kwa sindano mbili hubeba safu nzima ya vitanzi vilivyo wazi, na kimoja kikichomoka hushuka na wenzake mpaka chini. Kwenye kroshia kitanzi kinachosubiri ni kimoja tu. Kila mshono umekwisha kufungwa kabla ya mwingine kuanza. Kwa hiyo mtu anaweza kuacha wakati wowote: mtoto amelia, maharage yamekauka jikoni, mgeni amebisha hodi. Anaiweka kazi chini, anarudi baadaye na kuikuta palepale alipoiachia. Ni kazi iliyomfaa tangu mwanzo mtu mwenye shughuli nyingi.

Itazame kofia inavyozaliwa. Mfumaji anafunga kitanzi, anakifanya pete, na ndani ya pete hiyo anaingiza mishono mifupi sita. Mzunguko wa pili kila mshono unazaa miwili, inakuwa kumi na miwili. Wa tatu anaongeza sita tena, inakuwa kumi na minane, kisha ishirini na minne. Maadamu anaongeza sita kila mzunguko, duara linatanda na kulala bapa kama sahani. Likishatosha utosi wa mwenyewe anaacha kuongeza, na papo hapo ukingo unaanza kuinama na kushuka kuelekea masikioni. Hakikukatwa kitambaa, halikushonwa pindo. Umbo limetoka katika hesabu peke yake.

Wanawake wa Rwanda waliijua hesabu hii kabla uzi wa sufu haujafika. Kikapu cha agaseke nacho huanzia kitovuni, kikazungushwa na kupanuliwa raundi kwa raundi, na msukaji ndiye anayeamua wapi kipanuke na wapi kisimame wima. Na walioko mbali wameikuta hesabu hiyohiyo kwa njia nyingine. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati kutoka Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alifuma kwa kroshia umbo ambalo wenzake walikuwa wakihangaika kulionyesha kwa karatasi. Alichofanya ni kuzidisha mishono kwa kipimo kilekile kila safu, mpaka kitambaa kikajikunja mawimbi mawimbi, na wanafunzi wakaishika mkononi jiometri waliyozoea kuisoma tu. Anayedhani kroshia ni kazi ya kupitisha wakati kwa watu wasiofikiri, hajawahi kuhesabu kofia.

Ufundi huu ulitufikia kutoka Ulaya, ulikoenea katika karne ya 19. Baa la viazi lilipoiangukia Ireland mwaka 1845, watawa na wanawake wenye nafasi waliwafundisha maskini kufuma nakshi za kroshia, na kaya nyingi zikajikimu kwa kuziuza. Kwetu ulikuja kwa njia ya misheni. Mibirizi, katika wilaya hiihii ya Rusizi, ilianzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1903, na Masista Weupe wakaingia Rwanda mwaka 1909. Baadaye, enzi za Wabelgiji, wanawake wa mijini katika Kongo na Ruanda-Urundi walifundishwa kushona na kufuma katika vituo vilivyoitwa foyer social. Mafunzo yale yalikusudia kumtengeneza mke wa nyumbani kwa mfano wa Ulaya. Lakini ujuzi ukishaingia mkononi haumtii tena aliyeufundisha. Mwenye mkono ndiye anayeamua utafuma nini.

Na kwa muda mrefu tulichoamua kufuma ni mavazi ya samani. Mama zetu, kuanzia Nairobi hadi Bukavu, walifuma vitambaa vya makochi, vya meza, vya kufunika redio na televisheni. Sebule ya mtu mwenye heshima ilijulikana kwa vitambaa vyeupe vilivyopigwa wanga. Sivibezi hata kidogo, maana ndivyo vilivyoutunza ufundi. Lakini nafurahi kuona vijana wa leo wameihamisha kroshia kutoka kwenye kiti na kuileta mwilini. Msichana anatembea mjini Kamembe, hapa Rusizi, amevaa blauzi ya rangi tatu, mkoba wa kroshia begani, na mama muuza nyanya anamsimamisha:

“Dada, hii umeinunua wapi?”

“Sikuinunua, mama. Nimeifuma.”

“Wewe mwenyewe?”

“Mimi mwenyewe.”

Jibu hilo lina uzito katika mji ambao kwa miaka mingi umevaa nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine. Rwanda nguo hizo zinaitwa caguwa, Tanzania na Kenya mitumba. Mwaka 2016 serikali ya Rwanda iliupandisha ushuru wa nguo hizo kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ili viwanda na mafundi wa nchini wapate nafasi. Marekani ilijibu Julai 2018 kwa kusimamisha nafuu ya ushuru ambayo nguo za Rwanda zilikuwa zikiipata kupitia mpango wa AGOA. Wakubwa walibishana kuhusu kontena na asilimia. Mfumaji alikuwa na njia yake, ndogo na ya amani: kununua sweta kuukuu na kuifumua.

Kazi ya kufumua nayo ina elimu yake. Kwanza unaangalia mshono wa ubavuni. Ukiona pindo limekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, liache, maana utavuta vipande vifupi tu. Ukiona kingo zimefumwa zikaisha zenyewe, na vipande vimeunganishwa kwa uzi mmoja kama mnyororo, hiyo ndiyo yenyewe. Unakata uzi wa kuunganishia, unatenga mikono na kifua, unatafuta mwisho wa safu ya juu na kuanza kuvuta. Uzi unatoka umejikunjakunja kwa mazoea ya miaka. Unauzungusha kwenye mgongo wa kiti, unaufunga sehemu mbili tatu usivurugike, unaulowesha maji ya vuguvugu na kuuanika ukining'inia na kitu kizito chini yake. Ukikauka umenyooka, na sweta ya mtu usiyemjua imekuwa bonge la uzi wako. Hata kifaa si lazima kinunuliwe: asiye na kroshia ya dukani huchukua spoki ya baiskeli, akaipinda ncha na kuisugua juu ya jiwe mpaka isikwaruze.

Hapa ndipo linapokuja swali ambalo kila mfumaji analisikia: “Unauza bei gani?” Katika nchi zetu kila kazi ya mkono, hasa ya mwanamke, hupimwa kwa swali hilo; semina zinaandaliwa, vikundi vinasajiliwa, na aliyefuma kwa kupenda tu anaonekana anachezea wakati. Naheshimu kila shilingi na kila faranga iliyopatikana kwa kroshia. Hata hivyo nasimama na anayefuma kwa ajili yake mwenyewe, na nina sababu.

Sababu ya kwanza ni ya hesabu. Mwingereza William Lee alibuni mashine ya kufuma soksi mwaka 1589, na baadaye ufumaji wa sindano ukawa kazi ya viwanda. Kroshia haijapata mashine yake ya kiwandani mpaka leo. Zinazouzwa kama kroshia za kiwandani huiga sura tu. Mshono wa kweli unafumwa na mkono wa mtu. Maana yake ni kwamba kila gauni la kroshia ya kweli lililotundikwa dukani, liwe la London au la Dar es Salaam, limepita kwenye vidole vya mtu kwa saa nyingi. Bei yake ikiwa ya kutupa, basi kuna mtu ambaye hakulipwa. Sokoni kazi ya siku nyingi hushindanishwa na fulana iliyotoka kiwandani kwa dakika chache, na hushindwa. Nyumbani, kwa mwenye kuivaa, haishindani na chochote.

Sababu ya pili ni mwili. Nguo ya dukani imekatwa kwa mtu wa kubuni, na sisi tunajibana au kujilegeza tumfuate. Anayejifumia hujipima kadiri anavyokwenda: mkono mrefu kidogo kwa sababu ndivyo alivyo, bega pana kwa sababu anabeba, kifua kinachofunguka kwa sababu ananyonyesha. Mtoto akikua, safu zinaongezwa chini. Na akikosea anavuta uzi, mishono inarudi nyuma mpaka penye kosa, anaanza upya bila kupoteza hata sentimita moja. Ni kazi chache za mavazi zinazosamehe hivyo. Fundi cherehani akishakata kitambaa, amekata.

Sababu ya tatu ni saa zenyewe. Mwenye kufuma haongezi kelele duniani. Anaweza kuketi na jirani, wakazungumza habari za mavuno, za ndugu walioko Bukavu ng'ambo ya mto Rusizi, za ada za shule, na mikono isisimame. Anayehesabu mishono anapumua taratibu, na wasiwasi aliokuja nao unapungua nguvu. Jioni ya milimani ni ndefu na ya baridi. Kuipitisha hivi, ukamaliza ukiwa na kitu cha kuvaa, ni matumizi mazuri ya maisha.

Basi nawaomba wenzangu mambo mawili. Ukimkuta mtu amevaa kitu alichojifumia, usianze na bei. Muulize ameanzaje na amemaliza wapi, na usikilize jibu, maana utajifunza kitu. Na kama una mtoto nyumbani, wa kike au wa kiume, mpe kroshia na bonge la uzi, hata la sweta kuukuu, ukae naye mwanzo wa likizo. Aanze na kofia yake mwenyewe, kwa kipimo cha kichwa chake. Akishaivaa, hutahitaji kumhubiria thamani ya kazi ya mikono.