Kibwebwe cha Darasani

Shika mkanda wa vipesa kwa ncha zake mbili, uinue mpaka usawa wa kifua, uutikise mara moja, kisha utulize mikono. Mkanda mzuri hulia kwa sauti moja, shaa, ukanyamaza. Mbaya huendelea kukwaruza, kipesa hiki kikigonga kile, mpaka hujui mtikiso umeishia wapi. Dada anayejiandaa kwa darasa lake la kwanza la raksi sharki huniuliza rangi na mng'aro. Mimi humwambia afumbe macho kwanza. Mkanda wa mwanafunzi ni sikio lake la pili: humwambia nyonga imefanya nini, na imefanya wakati gani, hata akiwa amekipa kioo mgongo.

Raksi sharki ndiyo ngoma ya kiuno ya Misri, ile ambayo Wazungu wameibandika jina la tumbo ingawa kazi yenyewe iko zaidi nyongani na magotini. Watu wa Pwani hatuna haja ya kufafanuliwa sana. Mwanamke wa Mombasa au Lamu akiingia kwenye chakacha hukunja leso, akaishusha chini ya kiuno na kuikaza barabara. Kibwebwe ndicho hicho, na ndiyo sababu mtu akishika kazi kwa dhati tunasema kajifunga kibwebwe. Wamisri huuita mkanda wao hizam, mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa sisi mahazamu. Anayenunua mkanda wa raksi, basi, ananunua kibwebwe kilichotiwa sauti.

Picha ndizo zinazopoteza watu. Msichana ameona bedla, yaani sidiria ya shanga na mkanda wake na sketi nyepesi, akadhani ndiyo sare ya darasa. Bedla ni vazi la jukwaa. Lilikua katika kumbi za starehe za Cairo, hasa baada ya Badia Masabni kufungua ukumbi wake mwaka 1926, ukumbi ambamo Tahia Carioca na Samia Gamal walipata majina yao, na lilishonwa lipokee taa na kuonekana kutoka meza ya nyuma kabisa. Darasani hakuna meza ya nyuma. Shanga zake zitakuchoma mbavu unapojifunza kuzungusha kifua, na fedha uliyoitoa ingelipia masomo mengi. Liache kwanza.

Ndani vaa taiti au suruali laini inayofuata mguu, na fulana inayoshika mwili. Kitovu si lazima kionekane. Mimi siku yangu ya kwanza nilikwenda na dera, dera zuri la pamba, nikijiona nimevaa kwa adabu na nina nafasi ya kujinyoosha. Abla, maana ndivyo Wamisri wanavyomwita mwalimu wa kike, alinizunguka mara mbili bila kusema neno, akainama, akalikusanya pindo lote la dera na kulipiga fundo juu ya paja langu. Alikuwa akitafuta magoti. Nyonga ya kulia hupanda kwa kuwa goti la kulia limenyooka. Mwalimu asipoliona goti ataliona kosa juu asijue limeanzia wapi. Tangu siku ile nguo ya mwanafunzi naikagua kuanzia chini.

Sasa mkanda wenyewe. Ugeuze. Mbele kila mkanda unapendeza. Fundi hujulikana kwa nyuma ya kazi yake. Katika mikanda mingi ya bei ya chini vipesa hushikwa na uzi mmoja unaokwenda kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho, kwa mshono wa mnyororo. Uzi huo ukikatika mahali pamoja, safu nzima inafumuka. Mkanda wangu wa kwanza ulinifanyia hivyo katikati ya zoezi la mtikiso: nilisikia kimoja kikidondoka sakafuni, kisha vitatu, kisha nikawa navifukuza chini ya viti, wenzangu wakinisaidia kuokota. Mkanda ulioshonwa kwa moyo huwa na fundo nyuma ya kila kipesa, au nyuma ya kila viwili vitatu. Pitisha kidole gumba taratibu; vifundo utavihisi kama punje za ufuta.

Ukivihisi, vuta kipesa kimoja polepole. Kitambaa kikinyooka na kufanya kitundu kinachopenya mwanga, kitachanika hapo hapo siku moja. Shifoni tupu haibebi vipesa, inataka bitana, au utepe wa pamba uliopitishwa nyuma ya kila safu. Mahameli hubeba vizuri, lakini kwa joto la Pwani yatakulowesha jasho kabla ya nusu saa. Mkanda wa kufumwa kwa kroshia ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu wavu wake hunyumbuka pamoja na nyonga, mradi uzi wake uwe umesokotwa ukakazwa.

Halafu vipesa. Vingi ni vya bati jepesi lililopakwa rangi ya dhahabu, na hilo silihesabu kuwa kosa, kwani mwanafunzi hahitaji uzito. Ninachokichunguza ni ukingo. Kipesa kilichokatwa vibaya kina meno. Kisugue kwenye taiti uliyovaa: kikinasa dukani kitanasa darasani, na baada ya wiki chache paja zima litakuwa limejaa nyuzi zilizochomoka. Tazama na tundu lake, maana tundu lenye makali ndilo linalokata uzi, na mteja akaja kumlaumu mshonaji. Vipesa vya shaba hulia sauti nene na hudumu miaka, ila ni vizito. Viache mpaka nyonga zako zijue kutulia.

Mpangilio ndio unaoamua ile sauti niliyoanza nayo. Safu zikibanana, vipesa hugongana hata unapopumua. Kati ya kipesa na kipesa pawe na nafasi, kila kimoja kining'inie huru na kumgusa jirani pale tu nyonga inapopiga. Na ncha za kufungia ziwe ndefu, upige fundo mara mbili na mkia ubaki. Mkanda wa ncha fupi utakulazimisha kutumia pini, na pini kwenye nyonga inayocheza siitaki darasani kwangu.

Kipo kitambaa kimoja ambacho hata asiye na nia ya kununua ningependa akishike walau mara moja: telli ya Asyut, mji wa Misri ya Juu. Msingi wake ni wavu mwepesi, mara nyingi wa pamba. Fundi hupitisha kijiutepe cha madini kwa sindano bapa, hukizungusha kwenye macho ya wavu, hukikunja, hukikata, hukilaza kwa kukikandamiza. Hiyo ni nukta moja. Shali nzima ni nukta kwa maelfu, zilizopangwa zikawa ngamia, mitende, misalaba na pembetatu. Telli ya kweli ni ya baridi unapoiokota, kisha hupokea joto la mwili wako. Ni nzito, na kwa uzito huo hujilaza juu ya nyonga na kuufuata kila mzunguko. Pitisha kiganja pande zote mbili: nukta zilizokandamizwa sawasawa hazikwaruzi. Ya kuiga ina mng'aro wa kubandikwa upande mmoja, na ukiikunja huchubuka. Ukibahatika kurithi ya zamani, usiifanyie mazoezi. Wavu uliozeeka hukatwa na madini yake wenyewe, nami nimeshuhudia kitambaa chake kikiraruka kwa fundo moja la haraka.

Miguuni hakuna mengi. Soksi huteleza kwenye terazo, na soli ya raba hung'ang'ania sakafu ukageuka mwili huku goti limebaki. Kucheza peku kunatosha, au kiatu chepesi cha ngozi laini.

Kama hujapata mkanda unaopita mitihani hii, njoo na leso. Iwe kuukuu, iliyofuliwa mpaka wanga wa dukani ukaisha, kwa sababu leso mpya ni kavu na haishiki mwili. Ikunje kwa urefu mpaka ibaki upana wa shubiri moja na nusu, pindo likae chini. Ishushe hadi kwenye mifupa ya nyonga na ufunge ubavuni, tumbo libaki huru. Leso haina sauti, lakini pindo lake limenyooka kama rula: ukisimama mbele ya kioo na nyonga moja ikapanda bila ruhusa yako, mistari ya pindo itainama mbele ya macho yako. Wanafunzi wangu huvaa leso wiki nne za mwanzo. Wiki ya tano ndipo wanaponiletea mikanda niisikilize.