Kasubi iliharibiwa 1938, si 2010

Mnaotoka Ariwara kupitia Arua kwenda Kampala kuchukua mali, wengi wenu mmeshafika makaburi ya Kasubi, kwa hiyo sitaeleza njia wala kiingilio. Niende kwenye nguzo.

Muteesa I, kabaka (mfalme) wa Buganda, alijenga ikulu yake hapo, Muzibu Azaala Mpanga, mwaka 1882 kwa miti, matete na nyasi. Alipofariki 1884 akazikwa humohumo, na ikulu ikawa kaburi la makabaka wanne. Kisha 1938 wakaingiza nguzo za beto na vyuma. Uamuzi mbovu kabisa, na moto ulioiteketeza Machi 2010 ulikuta nyumba imeshaumia miaka 72.

Najua mafundi wa beto watanirukia: mchwa hawali beto! Hawali, ndiyo. Lakini mti unaoliwa ndio unaowarudisha watu kazini. Unapooza, wazee wa ukoo wa Ngeye, wenye kazi ya kuezeka, wanapanda na vijana wao. Kijana anashika fito, anafunga matete, anakosea, anafokewa, anafunga tena. Pete za paa ni 52, kila moja na ukoo wake, na huwezi kujifunza kuzifunga ukiwa umekaa chini unatazama. Nguzo ya beto haidai kitu. Mwenye nyumba anaridhika, anatia kiraka pale panapovuja, anaenda zake.

Halafu nguzo hizo wakazivisha gome la mti wa mutuba! Mgeni anapita akidhani anaona mti. Ungegonga kwa kifundo cha kidole ungejua: baridi, ngumu, haina mlio. Kama beto ni halali, iacheni wazi.

Matokeo tuliyaona baada ya moto. UNESCO iliiweka Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2010, ikaiondoa 2023. Pesa na mabishano vilichelewesha ujenzi, sikatai, ila pia ilibidi vijana wafundishwe kuezeka.

Mtasema mzee ameanza tena na lawama zake za mabati. Ndiyo, nimeanza. Hapa Aru bibi zetu waliita majirani kuezeka, chungu cha pombe kikatoka, jioni paa limekwisha. Leo nani wa chini ya miaka 30 anaweza kufunga kilele kisivuje?

Nikirudi Kasubi, sitamuuliza mwongozaji kabaka yupi amelala wapi. Nitamuuliza paa linaezekwa lini, na umri wa aliye juu.