Daftari la Maji la Makutupora

Wapimaji wa maji wa Makutupora wanastahili pongezi kubwa. Katika bonde hilo, kaskazini mwa jiji la Dodoma, kina cha maji visimani kilifuatiliwa kuanzia 1955 hadi 2010, miaka 55 ya kuandika tarakimu. Hesabu ya maji hayo ya ardhini ni nyepesi kuitamka: kinachoingia, ukitoa kinachotoka, ndicho kinachobaki. Lakini Dodoma hupata kama milimita 600 tu za mvua kwa mwaka, na jua lina uwezo wa kuvukiza zaidi ya hizo. Kwa wastani huo, ungedhani ardhi haipati kitu.

Yupo atakayesema makadirio ya kompyuta yangetosha. Hayatoshi bila vipimo. Utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha, kutokana na daftari hilo, kwamba hazina ya maji ya chini ya ardhi hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa, hasa ule wa El Niño wa 1997/98. Mwingine atasema kupima hakuongezi hata tone. Kweli, ila ndiko kunakoliambia jiji lichote kiasi gani likisubiri msimu kama huo. Mnaopanga bajeti ya maji, wawezesheni wapimaji kabla ya kununua pampu nyingine.