Pongezi kwa Walimu wa Kyambogo

Kijana mwenye usonji anaweza kufaulu mitihani yote, kisha akashindwa na maisha ya chuo kikuu: kelele za bwenini, foleni, utani ambao kila mtu anauelewa isipokuwa yeye.

Chuo Kikuu cha Kyambogo, Kampala, Uganda, kinastahili pongezi. Kilipoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha vyuo vitatu, kimojawapo kilikuwa UNISE, taasisi ya taifa ya elimu maalumu. Kazi ya UNISE haikumezwa. Ilipata kitivo kizima, kinachoandaa walimu na wakalimani wa lugha ya alama.

Ualimu huu unahitaji jicho kali. Ukumbi wa mhadhara ukibadilishwa kwa neno la mdomo mlangoni, wengine hufuatana tu. Mwenye usonji huachwa nyuma. Mwalimu aliyefundwa huandika ubaoni saa, ukumbi, na nani afanye nini katika kazi ya kikundi. Chaki tu, lakini mwaka wa masomo huokoka hapo.

Nchi jirani, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilipata sheria ya haki za watu wenye ulemavu Mei 2022. Ili sheria hiyo imfikie kijana kutoka Kabambare, mkoani Maniema, mji wa Kasongo katika mkoa huohuo nao unahitaji walimu wa aina hii, na mapema.