Kilio cha Karbala kwa lugha yetu

Mtunzi wa Utenzi wa Seyyidna Huseni bin Ali hakuwa Mshia. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alikuwa mwanachuoni wa Kisunni wa Tanga, na bado alitunga kisa cha mjukuu wa Mtume aliyeuawa Karbala tarehe 10 Muharram mwaka 61 Hijria (680), baada ya yeye na jamaa zake kuzuiwa maji ya mto Furati. Kilio cha kundi moja kinawezaje kuwa cha wote?

Tuanze kwa Waarabu. Washairi wao wa kale walizoea kufungua kasida kwa kulilia mahame, pale mpenzi alipopiga kambi akahama. Katika karne ya 9, Di'bil al-Khuza'i, mshairi wa Kishia, alikichukua chombo hicho hicho akalilia nyumba za watu wa nyumba ya Mtume, zilizobaki tupu bila kisomo. Hakuhitaji kuhubiri. Msikilizaji aliyekwisha kulilia mapenzi alijua tayari namna ya kulia.

Hemedi alikuwa na utenzi: vipande vinne vya mizani nane nane, vitatu vya kina kimoja, cha nne kikifunga ubeti. Utenzi ni chombo cha safari ndefu. Husimulia na kusonga mbele. Kasida husimama penye mahame, utenzi hupita. Hiyo ni hasara, kwa maoni yangu, maana huzuni hutaka kusimama. Faida yake ni kwamba asiyejua lolote kuhusu Karbala hushikwa mkono hadi ukingoni mwa mto. Hemedi huyo huyo ndiye aliyetunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, juu ya Wajerumani walivyoiteka pwani. Alijua kuwasimulia walioshindwa.

Mimi nausoma Namawala, katika bonde la Kilombero, ambako masika maji hufunika majaruba ya mpunga. Kiu ya Karbala ingepaswa kuwa mbali nami. Lakini mwaka 2012 wafugaji wengi waliondolewa bondeni humu na mifugo yao, na ubishi wa wakulima na wafugaji juu ya ardhi na maji bado tunaufahamu. Kila upande una haki ya kusikilizwa. Utenzi hautatui ugomvi huo. Unanilazimisha tu nimtazame usoni mtu anayeuona mto na kuambiwa usinywe, kabla sijauliza yeye ni wa kundi gani.