Gonga Chungu Kabla Hakijafika Sokoni

Ijumaa jioni pale Ikombe kila mtu ana haraka. Kesho yake ni Jumamosi, siku ya soko la vyungu Lyulilo, karibu na Matema, na vyungu vinatakiwa viingie mtumbwini mapema. Milima ya Livingstone imeshuka hapa mpaka majini, mahali pa kulima ni padogo, kwa hiyo tangu zamani Wakisi wameishi kwa samaki na kwa vyungu. Wanawake wanafinyanga, chungu kinapita ziwani, na kwa chungu hicho mchele au mahindi yanarudi kutoka kwetu sisi Wanyakyusa wa tambarare ya Kyela.

Nilikuwa nimekaa kizingitini kwa mama mmoja mfinyanzi, mswada wa rafiki yangu uko mapajani. Mama alikuwa anapanga vyungu vyake vilivyokwisha kuchomwa. Jirani yake akaja, akasalimia kwa kifupi, akainama. Akaanza kuchukua chungu kimoja kimoja na kukigonga kwa kifundo cha kidole, ametega sikio. Cha nne akakiweka pembeni bila kusema neno. Mwenye chungu akakichukua, akakigonga mwenyewe, akaguna, akakirudisha pale pale pembeni.

"Mama, kama angekisifia tu?" nikauliza.

"Kingepasukia kwa mteja, mwanangu. Halafu huyo mteja harudi kwangu, wala kwake."

Jibu hilo lilinichoma, na lazima niseme kwa nini.

Miaka kadhaa iliyopita rafiki yangu, tuliyeanza kuandika pamoja tukiwa sekondari, daftari moja tukipokezana, alinipa mswada wa riwaya yake ya kwanza. Ulikuwa na kurasa 212. Nilisoma kurasa kama arobaini, kazi ikanibana, nikaruka mpaka sura ya mwisho. Aliponiuliza nikamwambia, "Kaka, hii ni moto. Peleka mtamboni." Akauza magunia ya mpunga, akalipia nakala 300. Siku ya uzinduzi, mbele ya watu kama thelathini, kijana wa kidato cha sita akanyoosha mkono kwa adabu zote: "Samahani kaka, bibi aliyefariki ukurasa wa 58, mbona ukurasa wa 171 anachemsha chai?"

Watu wakacheka. Rafiki yangu hakumtazama yule kijana, alinitazama mimi. Kosa la bibi lilikuwa lake, lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa langu, na wote wawili tulilijua wakati ule ule. Nakala nyingi bado ziko chini ya kitanda chake. Kwa miaka mitatu hakuandika chochote.

Tangu hapo siwezi kusoma kitabu chetu chochote cha Kiswahili bila kujiuliza: nani alikigonga hiki? Ni swali ambalo uhakiki wetu hauliulizi. Tumefundishwa kuhakiki fani na maudhui, na kumtaja mwandishi kama mtu aliyekaa peke yake chumbani. Marafiki wanaachiwa ukurasa wa shukrani, ambao wengi wetu tunauruka. Mimi naona tunakosea, na kwamba fasihi yetu haieleweki vizuri mpaka tuwahesabu marafiki kama sehemu ya kazi.

Huku kwetu wazo hili lina jina. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Unyakyusa katika miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, alichapisha mwaka 1951 kitabu kiitwacho Good Company. Kiini chake ni neno la Kinyakyusa, ukwangala: kufurahia kuwa pamoja na wenzako wa rika lako, kula pamoja, kusaidiana, na zaidi ya yote kuzungumza. Wazee walishikilia kwamba hekima mtu huipata kwa mazungumzo na wenzake, na kwamba anayejitenga anabaki mjinga. Kitabu chenyewe kilitoka katika mikono mingi. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica akaandika kwa kutumia pia kumbukumbu alizoziacha mumewe. Nyuma yao wote walikuwapo wenyeji waliowafasiria na kuwaandikia, kama karani Leonard Mwaisumo. Hata kitabu juu ya ushirika hakikuandikwa na mtu mmoja.

Nalipenda neno hilo kwa sababu si tamu kama linavyosikika mwanzoni. Watu wanaozungumza kila jioni hawawezi kusifiana kila jioni. Watabishana tu.

Katika Kiswahili, mfano wa karibu zaidi ninaoujua wa ukwangala wa kalamu ni wa M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi. Walikuwa vijana wa umri wa ishirini na kitu walipotoa pamoja Mashairi ya Kisasa mwaka 1973. Wakaongeza Malenga wa Bara mwaka 1976, kisha Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979. Ni vitabu vitatu katika miaka sita, na vyote vina majina mawili jaladani. Tukumbuke hali ya hewa ya wakati ule. Mgogoro wa ushairi ulikuwa umepamba moto. Upande mmoja ulisema shairi lisilo na vina na mizani si shairi, na upande wa pili ulitetea mashairi huru. Kijana aliyesimama peke yake katika ugomvi huo angeweza kuambiwa hajui kutunga, yakaisha. Wawili ni vigumu zaidi kuwapuuza.

Nadhani hata majina ya vitabu yanatuambia jambo. Jina Malenga wa Bara nalisoma kama jibu kwa Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir iliyotoka mwaka 1971: wa bara nao wamo. Sisi tuliokulia mbali na mwambao, tuliowahi kuambiwa Kiswahili chetu kina lafudhi ya mpunga, tunalielewa jibu hilo. Nalipenda zaidi jina la kitabu cha tatu. Ushairi wetu una Diwani ya Muyaka, una Diwani ya Amri. Desturi ni kwamba diwani huwa ya mtu, na jina lake hulitia muhuri. Hawa wawili wakaandika Diwani Yetu. Kiambishi kidogo tu, lakini kimebadilisha mwenye mali.

Kama msomaji, nina deni moja ninalowadai. Kunga za Ushairi kinatupatia nadharia iliyokwisha iva, kwa sauti moja. Ningependa kusikia mabishano yao ya mezani, beti ambazo mmoja alimwambia mwenzake "hapana, hii itupe." Tumepewa chungu kizuri, mlio wa kukigonga hatukuusikia. Pengine ndiyo sababu sisi tuliokuja nyuma tulidhani urafiki wa waandishi ni kusimama pamoja kwenye picha ya jalada.

Ukwangala ule wa Good Company una upungufu mwingine: kwa sehemu kubwa ulikuwa wa wanaume, katika vijiji vyao vya rika. Kwa hiyo nauweka pembeni yake mfano wa wanawake watatu. Mwaka 1982 Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walitoa tamthilia ya Harakati za Ukombozi. Kila mmoja angeweza kuandika peke yake. Muhando alikuwa ameshatoa tamthilia kadhaa, na Balisidya alikuwa na riwaya ya Shida tangu 1975. Lakini tamthilia hii inapitia historia ya mapambano ya nchi na kuuliza swali zito, kama uhuru uliopatikana umemfikia mwananchi wa kawaida. Kuuliza swali hilo hadharani, miaka ishirini tu baada ya uhuru, kulihitaji moyo. Sidhani ni bahati tu kwamba liliulizwa na watu watatu kwa pamoja. Rafiki anayekugonga ndiye pia anayesimama nawe ukishafika sokoni.

Kuna kazi ya pili ya urafiki ambayo Ikombe wanaijua vizuri: kubeba. Mfinyanzi asiyeweza kwenda Lyulilo Jumamosi hii, kwa ugonjwa au uzazi, vyungu vyake vinaweza kwenda na mwenzake.

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Katika maisha yake alikuwa amemwandikia nduguye, Yusuf Ulenge, barua nyingi, kuanzia 1931 hadi 1958. Ulenge naye alikuwa mwandishi, ndiye mwenye Nguzo ya Maji. Angeweza kuzitupa, karatasi za ndugu zinachosha kuzihamisha kutoka nyumba hadi nyumba. Alizitunza. Mwaka 2002 TUKI ikazichapisha kwa jina la Barua za Shaaban Robert, mhariri akiwa Mulokozi, yule yule wa Diwani Yetu. Miaka arobaini baada ya mwandishi kuzikwa, mtumbwi ukafika. Leo tukitaka kumjua Shaaban Robert akiwa mtu na si sanamu, tunaingia kwa mlango ambao nduguye aliuacha wazi.

Mfano wa zamani zaidi ni wa Mombasa. Muyaka bin Haji alifariki karibu na mwaka 1840 bila kuacha kitabu. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua, mshairi wa mji ule ule, akayakusanya, akamsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyaandika na kuyaelewa. Ilichukua mpaka 1940 ndipo William Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka, karne moja baada ya mwenyewe kuondoka. Tunamsoma Muyaka kwa sababu mshairi mwingine alitumia muda wake kwa beti zisizo zake. Jina la Sikujua wanalitaja wachache. Yeye ndiye aliyebeba.

Nikiweka mifano hii mbele ya tunavyoishi sasa, naona aibu. Mwenzetu akitangaza kitabu, ndani ya dakika tano kundi la WhatsApp limejaa vidole gumba na "hongera sana mwandishi bora." Ukiuliza nani amekisoma, kimya. Tunakuita huko kusapotiana. Najua sababu, maana nilikuwa bingwa wake. Sifa ni rahisi, haichukui usiku wako hata mmoja. Kusoma kwa kweli kunakula usiku nne, kunaweza kukugharimu rafiki, na faida yote inakwenda kwenye jina la mtu mwingine.

Najua pia kwamba kugonga kunaweza kugeuzwa kuwa kuvunja. Wapo wanaojiita wakweli lakini wanachotaka ni kusikia mlio wa kupasuka. Tofauti niliiona pale kizingitini. Jirani yule hakukigonga chungu sokoni mbele ya wateja, alikigonga nyumbani, Ijumaa, wakati mwenye chungu bado ana nafasi ya kukiacha. Na asubuhi alikuwa mtumbwi mmoja naye.

Mswada uliokuwa mapajani mwangu Ikombe ni wa riwaya ya pili ya rafiki yangu. Hakunipa kwa hiari. Nilimwomba mara tatu, ya tatu nikiwa nimekwenda kwao na kukiri mbele yake kwamba ule wa kwanza sikuusoma. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaingia ndani akauleta. Nilikwenda nao Ikombe kwa kuwa huko hakuna wa kunikatiza. Nilisoma kila ukurasa, usiku nne. Nikamwandikia kurasa sita kwa mkono: sura ya tatu ni ndefu mno, mvuvi anazungumza kama mwalimu, mwisho umekuja kabla ya wakati wake. Sikuandika neno "moto" hata mara moja. Niliandika pia kwamba ukurasa wa 90, pale mama anapohesabu nyavu za mwanawe aliyezama, niliurudia mara mbili nikashindwa kulala.

Jibu lake lilikuja baada ya wiki mbili, ujumbe mfupi wa simu. "Kuhusu mvuvi umekosea. Mengine ni kweli. Jumamosi njoo na mswada wako."